Wembe wa Kukunja kwa Ndevu za Kipilipili

“Bosi, tupitishe wembe?” Swali hilo utalisikia kwenye vibanda vya vinyozi kuanzia Kahama mjini hadi machimbo ya Nyarugusu, na wengi huitikia kwa kichwa, macho wameshafumba. Mashine imemaliza kazi. Kinyozi anachana karatasi, anavunja wembe katikati, anabana nusu yake kwenye mpini wa kukunja. Siku mbili tatu baadaye shingo imejaa vipele, na lawama zote unatwishwa wembe.

Nadhani wembe huo unaonewa. Ndevu za kipilipili hukua zikijipinda. Zikikatwa chini mno, ncha iliyochongoka hurudi ndani ya ngozi na kuchoma, nao mwili hupambana nayo kama mwiba. Viwembe vya plastiki vyenye makali matatu au matano huzidisha balaa: la kwanza huuvuta unywele, linalofuata huukata, kisha kisiki huzama chini ya ngozi. Wembe wa kukunja una kali moja, na anayejinyoa mwenyewe ndiye anayeamua likate chini kiasi gani.

Katika ukanda huu watu hawanyoi kwa ajili ya urembo tu. Vumbi la mawe yanayosagwa kwenye makarasha lina silika, na mapafu yakishaharibiwa nayo hayaponi. Barakoa ya kuchuja vumbi, ile inayobana uso, inataka ngozi tupu. Hata ndevu za siku moja huacha upenyo. Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa daktari wa ngozi kwa mwenye vipele, yaani aache kunyoa kwa muda, mtu wa karasha hawezi kuufuata kirahisi.

Basi aanze na maji ya vuguvugu, dakika kadhaa bila haraka. Anayetegemea kisima cha maji ya chumvi atahangaika, maana sabuni haitoi povu, inaacha ukoko. Maji ya Ziwa Victoria, yanayofika Kahama na Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele tangu 2009, ni laini na povu lake linasimama. Alipake kwa brashi, akizungusha.

Kisha apapase kwa vidole ajue ndevu zinalalia wapi; za shingoni mara nyingi zinalala kinyume na za shavuni. Alaze wembe, ainue mgongo wake nyuzi 30 hivi, afuate mlalo huo bila kukandamiza. Mafundi wa Ulaya hufundisha kuivuta ngozi ikakaza kama ngoma. Kwa ndevu zetu hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa unywele uliovutwa hukatwa chini ya usawa wa ngozi. Avute kidogo tu, mikunjo iondoke, apite mara moja. Ukibaki mkwaruzo, auache. Asiyehitaji barakoa, wiki za mwanzo anyoe mashavu peke yake; kidevu na shingo aviachie mashine.

Wembe wa kunoa, ule wa kizee, unahitaji mkanda wa ngozi na kinoo laini. Ngozi Usukumani si tatizo. Kinoo ndicho kigumu: vingine hupakwa unga wa almasi, na Mwadui iko hapa hapa Shinyanga, lakini usitarajie kukikuta kimoja sokoni. Mimi ningeanza na huu wa nusu wembe. Wazoefu wanasema hausamehe mkono unaotetemeka, na ni kweli. Ila kila unyoaji una wembe wake mpya, na hilo kwangu linatosha: kirusi cha homa ya ini B huweza kudumu siku 7 nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, na mwali wa spiriti wa sekunde mbili si kitu cha kutegemea. Mpini nao usiazimwe.

Akijikata, apitishe shabu iliyoloweshwa, damu itasimama. Aliyetoka mwaloni kukamata dhahabu kwa zebaki anawe mikono kabla hajagusa uso. Na ambaye shingo yake tayari ina makovu yaliyovimba, wala kazi yake haidai barakoa, wembe wa aina yoyote haumfai. Abaki na mashine.