Moshi wa Mukuru unamfikia hadi mtoto aliye tumboni

Pita Mukuru kwa Njenga saa kumi na mbili jioni utanielewa. Jiko la makaa liko mlangoni, jirani anachoma takataka, na upande wa Industrial Area viwanda bado viko kazini. Wewe unakohoa kidogo, unasonga. Lakini yule dada mjamzito anayepika chapati za kuuza kando ya barabara? Moshi anaovuta unamhusu pia mtu ambaye hajazaliwa.

Hebu turudi mwanzo. Wiki kama nne baada ya mimba kutungwa, wakati wengi hata hawajajua wana mimba, kichipukizi kidogo hutokeza karibu na mahali koo litakapokuwa. Kinagawanyika viwili, pafu la kulia na la kushoto, kisha matawi juu ya matawi kama mti. Kufikia wiki ya 17 ya ujauzito hivi, njia kubwa za hewa zishapangika.

Ajabu ni kwamba mapafu hayo yamejaa majimaji. Oksijeni inatoka kwa mama kupitia kondo la nyuma. Hata hivyo mtoto anafanya mazoezi: kifua kinapanda na kushuka, na bila zoezi hilo mapafu hayakui vizuri.

Sehemu ngumu inakuja mwisho. Kuanzia wiki ya 24 hivi, mapafu huanza kutoa utelezi unaozuia vifuko vya hewa kushikana. Chukua pakiti tupu ya maziwa iliyolowa ndani, jaribu kuifungua. Umeona vile pande zinang'ang'aniana? Utelezi wa kutosha hupatikana karibu wiki ya 35. Mtoto akija mapema sana, kila pumzi ni vita.

Hapo pesa haikuwa kinga. Mwaka 1963, Patrick, mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati. Hakumaliza siku mbili.

Siku hizi kuna sindano ya dexamethasone, anayopewa mama anayekaribia kujifungua mapema ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2020, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba inaokoa watoto. Lakini lazima afike hospitalini mapema.

Na moshi? Mwaka 2022, watafiti wa Aberdeen, Uskoti, na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba walipata chembe za masizi ndani ya mapafu ya watoto ambao hawajazaliwa. Yaani kondo halizuii kila kitu.

Kwa hivyo ukiwa na dada, mke au jirani mjamzito, toa jiko nje, mbali na mlango. Zile takataka usizichome. Akisikia uchungu au maji yakivunjika kabla ya wakati, msingoje asubuhi. Tafuteni gari usiku huo huo.