Ninga wa Pemba si ninga wa bara

Ninga ni njiwa wa kijani anayeishi kwa matunda, na watu wengi huona kwamba ninga ni ninga tu. Wataalamu wa ndege huwatenganisha wawili: ninga wa bara, Treron calvus, aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na ninga wa Pemba, Treron pembaensis, aliyeelezwa kisayansi na Pakenham mwaka 1940, asiyepatikana popote nje ya Pemba. Wote wawili huparamia vitawi mithili ya kasuku wakifuata makuyu yaliyoiva, na wote wana doa la zambarau begani. Tofauti iko kichwani na kifuani: wa bara ni wa kijani kinachoelekea umanjano, wa Pemba ni wa kijivu.

Yupo atakayesema rangi haitoshi, kwa kuwa hata ninga wa bara hubadilika rangi kutoka eneo moja hadi jingine. Ni kweli, lakini bara mabadiliko hayo huja polepole, na katikati wapo ndege wenye sura za pande zote mbili. Kati ya Pemba na bara hakuna daraja la namna hiyo. Mwingine atauliza: ndege mwenye mbawa anazuiwaje na mkondo wa bahari wa kilomita 50 hivi? Kuweza kuvuka si sawa na kuvuka mara kwa mara na kuzaliana. Lau ninga wa bara wangekuwa wakichanganyika na wa Pemba kizazi baada ya kizazi, kijivu kile kingekwisha kufifia. Tena mkondo huo una kina cha mamia ya mita. Bahari iliposhuka kwa takriban mita 120 katika enzi ya barafu, Unguja iliungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa. Visiwa vingine vinatoa ushahidi huohuo: São Tomé, Mwali na Madagaska kila kimoja kina ninga wake.

Kwa hiyo wingi wa ninga bara haumlindi ninga wa Pemba. Huyu huonekana hata mashambani penye miti ya matunda, lakini kisiwa chake hakifiki kilomita za mraba 1,000, naye tayari amewekwa katika kundi la ndege walio hatarini. Tuulinde msitu wa Ngezi kisiwani humo, na tuiache mikuyu isimame mashambani, kwani akitoweka Pemba ametoweka duniani.