Mashine ya Mtumba: Fuata Njia ya Maji

Vyombo vidogo vya pwani: sehemu ya tatu

Katika makala mbili zilizotangulia tulikuwa kwenye chombo chenyewe: mbao, kalafati, na ule ubao wa tezi unaobeba mzigo wote wa nyuma. Leo tuiangalie mashine inayofungwa pale, hasa ile ambayo imeshatumiwa na mwingine kabla yako.

Nianze na aibu yangu. Mashine yangu ya kwanza, ya nguvu za farasi 15, niliinunua Tanga kwa mtu aliyeniambia kwamba anaacha uvuvi. Nilipofika, alikuwa ameshaifunga kwenye boti. Akavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Mlio ulikuwa mzuri, moshi mwembamba, na wazee watatu waliokaa chini ya mwarobaini wakaisifu. Nikahesabu pesa. Wiki ya tatu, nikiwa nje ya mdomo wa mto Pangani na bahari imeanza kuchafuka, mashine ikakaza ghafla na kamba ikagoma kuvutika. Fundi alipofungua kichwa alinionyesha njia za maji zilizozibwa na chumvi ngumu kama chokaa, na pistoni ya juu imekwaruzika upande mmoja kana kwamba imepitishwa tupa.

"Wewe uliisikia, mwalimu," akaniambia. "Hukuigusa."

Ilinichukua muda kuelewa uzito wa neno hilo. Kwanza, sikuigusa kabla haijawashwa. Mashine iliyochoka huwa mbishi kuwaka asubuhi ikiwa baridi, lakini ikishapata moto huwaka kirahisi, na muuzaji mwerevu huichemsha kabla mteja hajafika. Kwa hiyo fika mapema kuliko mlivyoahidiana, vua kofia ya mashine, weka kiganja kwenye kichwa. Kama kina joto, kunywa chai kwanza, subiri ipoe kabisa. Pili, sikuigusa ilipokuwa inaunguruma, na hapo ndipo ningeyajua ya chumvi.

Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyekulia Marekani, alitengeneza mashine yake ya boti iliyovuma mwaka 1909. Yamaha ya Japani ikatoa ya kwanza mwaka 1960. Tangu enzi hizo mengi yamebadilika, ila mashine ya kuvulia bado haina rejeta kama ya gari. Rejeta yake ni bahari. Maji yale yale yanayoipoza ndiyo yanayoila, na asiyejua yanapita wapi hawezi kujua mashine ni nzima au imekufa ikiwa imesimama.

Yanaingia kwenye vitundu vya wavu vilivyo kwenye mguu, chini ya maji. Juu yake kuna pampu yenye impela, yaani gurudumu dogo la mpira lenye mapezi, linalozungushwa na shafti ileile inayokwenda kwenye gia. Impela inayasukuma kupitia bomba hadi kwenye bloku, yanazunguka silinda, yanapita kwenye thamostati, kisha yanashuka na kutoka pamoja na moshi. Sehemu ndogo hutolewa pembeni kupitia tundu ambalo kila mvuvi analijua, na mtoto yeyote wa pwani atakwambia kwamba mashine inakojoa.

Mkojo huo ndio wanunuzi wengi hutazama, wakiuona wanaridhika. Haukutosha kwangu na hautakutosha wewe. Mara nyingi unathibitisha kwamba pampu inasukuma tu, hauthibitishi kwamba njia za kichwani ziko wazi. Mashine yangu ilikojoa vizuri mpaka siku iliyokufa.

Kipimo cha kweli kinataka pipa na subira. Kata pipa juu, lijaze maji baridi mpaka yapite lile bati bapa lililo juu ya propela, funga mashine, iache iungurume polepole dakika 10 hadi 15. Usikubali dakika mbili. Ikishapata moto, gusa kichwa: kiwe moto, lakini uweze kukishika sekunde chache. Kisha dondosha maji kidogo juu yake. Yakichemka na kuruka kama kwenye kikaango, funga pochi yako uirudishe mfukoni. Tazama pia rangi kuzunguka kichwa. Ikiwa imevimba, imebabuka au imegeuka kahawia, mashine imewahi kuungua. Na rangi mpya inayong'aa kwenye mashine kuukuu nayo inastahili swali.

Impela yenyewe ni kitu cha bei ndogo mno ukilinganisha na pistoni, na bado ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Mpira wake hulainishwa na maji unayoyasukuma. Ukiwasha mashine mchangani, "niisikie tu," mapezi yanasuguana makavu na kuungua katika muda mfupi kuliko unavyofikiri. Wakati mwingine hata dakika haiishi. Adui wa pili ni mchanga. Bamvu likishakupwa, mvuvi hulazimisha boti kupita kwenye kina cha goti, propela inatifua, pampu inameza. Ukinunua mashine ambayo huijui historia yake, badilisha impela siku ileile bila kujadiliana na mtu. Unapoiingiza, zungusha shafti kuelekea inakozunguka ikiwa kazini, ili mapezi yalale upande unaostahili, na usisahau kile kipini kidogo kinachoifunga kwenye shafti. Kikidondoka, impela itakaa tu huku shafti ikizunguka ndani yake, na utalaumu duka la spea bure.

Hayo ni maji yanayotakiwa kupita. Kuna yanayoingia pasipo ruhusa, na mlango wake mkuu ni chini, kwenye sanduku la gia. Kabla mashine haijawashwa, ikiwa imesimama wima usiku kucha, weka beseni chini ya mguu na ulegeze skrubu ya chini kwa taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa ina maana kwamba maji yameshachanganywa na gia. Kukiwa na vumbi laini la chuma kwenye ncha ya skrubu, hiyo ni kawaida ya uzee. Vipande unavyoweza kuvihesabu si kawaida.

Maji hayo yanapitaje? Mara nyingi mkosaji ni mshipi. Nailoni ikinaswa kwenye propela hujizungusha nyuma yake, hujikaza kwenye shafti, na taratibu hukata sili. Vua propela uangalie. Nimewahi kutoa hapo kishungi cha nailoni cha ukubwa wa ngumi, na mwenye mashine akaapa kwamba hajawahi kuvulia mshipi. Ukiwa hapo, shika propela utikise shafti. Isicheze. Ndani ya propela pia kuna mpira unaofunga kitovu chake. Ukichoka, mashine hupiga kelele kubwa na boti haiendi, na wengi hudhani gia zimekwisha.

Mashine iliyowahi kuzama nayo husimulia, ikiwa utaipa nafasi. Chini ya kofia tafuta unga mweupe kwenye viungio vya waya, kutu ya kijani kwenye shaba, udongo mwembamba kwenye kona ambazo kitambaa cha muuzaji hakikufika, na bolti mpya zilizochanganyika na kuukuu bila mpangilio. Kuzama si hukumu ya kifo, kinachoua ni kuchelewa. Yako ikizama, ikague kwanza: ikiwa ilizama inawaka na sasa haizunguki, usilazimishe, huenda konrodi imepinda. Ikizunguka, iogeshe maji baridi, toa plagi, ielekeze chini maji yamwagike, mimina oili kwenye silinda, ivute mara nyingi, kisha iwashwe siku hiyohiyo. Kama fundi yuko mbali, afadhali ikae ndani ya pipa la maji baridi kuliko kuanikwa juani. Watu hunibishia hili, lakini kutu inataka maji na hewa pamoja, na mashine iliyonyweshwa chumvi kisha ikaachwa upepeni inapata vyote viwili.

Ya kichwani nitayapita haraka kwa sababu mafundi wa mitaani wanayajua. Vuta kamba polepole plagi zikiwa ndani; usikie ukinzani unaokuja kwa mapigo yanayolingana. Ukiweza kuazima geji ya kompresheni, silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Plagi yenye rangi ya kahawia ya chai ni njema, nyeusi na mbichi inasema mafuta yamezidi au moto ni dhaifu, nyeupe kama mfupa inasema joto limezidi, nasi tumerudi kwenye maji.

Kuhusu mafuta nina maneno zaidi. Mashine nyingi za pwani na za Ziwa Victoria bado ni zile za mipigo miwili, ambazo Marekani zimebanwa na sheria za moshi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na Ulaya baadaye. Hapa tumebaki nazo kwa sababu ni nyepesi, zina vipuri, na kila kijiji cha wavuvi kina mtu anayeweza kuzifungua kwa spana tatu. Hazina oili yake ndani; inaishi kwenye petroli. Kwa nyingi kipimo ni petroli 50 kwa oili 1, yaani dumu la lita 20 kwa mililita 400. Iliyobadilishwa pistoni huanzishwa na mara mbili ya hapo kwa saa za mwanzo. Thibitisha kwenye kitabu cha modeli yako, kisha pima kwa chupa yenye alama, usipime kwa kifuniko wala kwa jicho. Kopo liwe na maandishi TC-W3. Oili namba 40 ya gari ina viungo vinavyoacha majivu vikiungua, na majivu yakiganda juu ya pistoni huwaka kabla ya plagi kutoa cheche. Ukiongezea petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, umejitengenezea tanuru. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na mchezo huo, lakini vinasaba haviwezi kulilinda dumu linalouzwa kando ya njia.

Usisahau urefu wa mguu. Mfupi hutengenezwa kwa ubao wa tezi wa takriban sentimita 38, mrefu sentimita 51. Bati bapa la juu ya propela lilingane na chini ya boti, au lipite kidogo. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu hunyonya hewa kila wimbi likipita. Halafu namba: soma kibati kilicho kwenye mkono wa kufungia. Kikiwa kimekwanguliwa, usimuulize muuzaji sababu. Mashine huibwa sana, na mnunuzi asiye na hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa au BMU, yaani kikundi cha kusimamia mwalo, hana la kumwambia polisi.

Ikishakuwa yako, kazi ni ndogo ila haina likizo. Kila ikitoka baharini inywe maji baridi kwenye pipa dakika 10 hivi, kisha uchomoe mpira wa mafuta uiache ijizimie, kabureta ikauke isigande gundi. Oili ya gia ibadilishwe kila saa 100 au miezi sita, ukiijaza kutoka tundu la chini mpaka itokeze la juu, ili hewa isibaki. Kile kipande cha zinki mguuni kimewekwa ili kiliwe na chumvi badala ya alumini. Kikifika nusu kibadilishe, na tafadhali mwambie mpaka rangi asikipake. Mashine iliyoletwa kutoka ziwani huenda imefungwa magnesi, inayofaa maji baridi. Baharini haikai.

Mashine yangu ya pili niliifuata Kipumbwi alfajiri, bila taarifa, nikiwa na beseni, spana na bisibisi. Mwenyewe alitoka na kikombe cha kahawa, akanitazama nikipiga magoti kwenye mguu wa mashine yake kabla hata sijamaliza salamu.

"Bwana wee, unanunua mashine au unamtibu mgonjwa?"

Skrubu ikalegea. Tukangoja wote wawili. Ikatoka oili nyeusi, nzito, isiyo na tone la maji, akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mwezi uliopita, kusi ilipoanza na boti zikavutwa juu, niliifungua kuibadilishia impela. Ni ya saba sasa.