Reli za Mfano (3): Herufi za Kibao cha Malampaka

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulizungumzia njia ya reli na mabehewa. Leo tunafika kwenye kitu ambacho watengenezaji wengi wa reli za mfano hukiacha hadi mwisho na kukimaliza haraka haraka: kibao cha jina la stesheni. Mimi nakipa nafasi ya mbele kabisa. Mtu akisimama mbele ya reli ya mfano, jicho lake hutafuta maandishi kabla ya kitu kingine. Herufi zikiwa za zama nyingine, kazi yote inayozizunguka hupoteza mwaka wake, hata kama injini na mabehewa vimetengenezwa kwa ustadi mkubwa.

Tutatumia stesheni ya Malampaka, wilayani Maswa. Bariadi mjini hapana reli ya zamani, wala Itilima, wala Meatu. Kwa mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kutoka sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, mlango wa reli ni Malampaka, kwenye njia ya Tabora hadi Mwanza. Marobota ya pamba, mizigo ya wafanyabiashara na abiria wenye mabegi na vikapu vyao wamepitia hapo kizazi baada ya kizazi. Anayetaka kutengeneza reli ya mfano ya nyumbani kwetu ataanzia hapo.

Kabla ya kushika rula, chagua mwaka. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza ni kazi ya Waingereza, na lilifika ziwani mwaka 1928. Kwa hiyo maandishi ya Kijerumani hayana nafasi Malampaka. Anayetengeneza Kilosa ya mwaka 1913 ana haki ya kuandika KILOSSA kwa S mbili kama Wajerumani walivyoandika, na ramani zao ziliita Mwanza Muansa. Malampaka haikupitia hatua hiyo ya reli, na kuipamba kwa herufi za Kijerumani ili ionekane ya kale ni kuipa historia isiyo yake.

Baada ya hapo wenye reli walibadilika mara kadhaa. Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda, likazaliwa shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zilitengwa, likabaki shirika la Reli la Afrika Mashariki, EAR. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaunda Shirika lake la Reli, TRC. Mwaka 2007 ikaingia kampuni ya TRL, na mwaka 2017 jina la TRC likarudi. Jina la stesheni lilibaki Malampaka muda wote huo. Kinachobadilika ni kilicho pembeni yake: EAR au TRC kwenye ubavu wa behewa, futi au mita kwenye kibao chenye kutaja mwinuko, Kiingereza au Kiswahili kwenye tangazo la ukutani. Kibao chenye mita kando ya behewa jipya la mwaka 1955 hakiwezi kukubalika kwa mtu anayeijua reli.

Sasa tuje kwenye herufi zenyewe. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kufungua kompyuta, kuandika jina kwa fonti ya kwanza anayoikuta, kisha kuchapa. Fonti nazo zina tarehe ya kuzaliwa. Calibri ilianza kuenea kwenye kompyuta mwaka 2007. Arial ilitengenezwa mwaka 1982. Gill Sans, ambayo wapenzi wa reli za Kiingereza huikimbilia, ilitolewa mwaka 1928, na kampuni ya reli ya LNER ya Uingereza ikaipokea kuwa herufi yake rasmi mwaka 1929. Tazama tarehe hizo na ile ya reli kufika Mwanza: kibao cha Malampaka cha siku ya kwanza hakikuweza kuandikwa kwa Gill Sans. Kwa miaka ya 1950 inawezekana kuitetea; kwa mwaka 1928, hapana.

Jina letu lina bahati ya kufichua fonti mara moja, kwa sababu lina M mbili. Katika Gill Sans, mistari miwili ya ndani ya M hukutana katikati ya herufi na kuishia hapo. Katika Arial hushuka mpaka mstari wa chini. Mtu akikuletea picha ya kibao, anza na M, kisha angalia tumbo la P limeshuka kiasi gani na mguu wa K umetokea wapi. Hizo tatu zinatosha.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye nafasi kati ya herufi, na hapa ndipo ninapomheshimu sana mwandika mabango wa zamani. MALAMPAKA ina A nne. L ikifuatwa na A huacha shimo kubwa juu, kwa sababu L iko wazi upande wa kulia na A inainamia mbali nayo. P na A huacha shimo chini. K na A hali kadhalika, ingawa dogo. Ukizipanga herufi zote kwa nafasi sawa za rula, jina litasomeka kama MAL AMP AK A. Fundi aliyeshika brashi alisogeza A kwa macho hadi jina likasimama pamoja. Usiitegemee kompyuta ikufanyie hivyo; zisogeze kwa mkono, herufi moja moja. Kisha igeuze karatasi juu chini uitazame tena. Jicho lisiposoma neno huona mashimo vizuri zaidi.

Kwa upande wa vipimo, skeli inayotumika sana ni 1:87. Geji yetu ya mita moja inakuwa milimita 11.5, na reli za mfano zinazouzwa kwa ajili hiyo zina milimita 12. Tuseme picha inaonyesha herufi za urefu wa sentimita 30: katika mfano zitakuwa milimita 3.4. Jina zima, likiwa na upana wa kama mita mbili na nusu, litakaa ndani ya sentimita tatu. Ili kupata urefu halisi kutoka kwenye picha ya zamani, tafuta kitu kilicho umbali uleule na kibao ambacho bado kipo, kama mlango wa ofisi au safu za matofali, ukakipime leo kwa futikamba. Usitumie upana wa reli zenyewe. Kamera huziona kimshazari na zitakudanganya.

Chora kwa ukubwa halisi katika programu ya kuchorea kwa mistari, kama Inkscape ambayo ni ya bure, ndipo upunguze mara 87. Printa ya leza ya nukta 600 kwa inchi hutoa kama nukta 80 katika herufi ya milimita 3.4, na hiyo inatosha kabisa. Duka la steshenari pale Bariadi mjini linaweza kukuchapia. Printa ya kawaida haina wino mweupe. Ukitaka herufi nyeupe kwenye kibao cheusi, chapa weusi peke yake na uziache herufi ziwe uwazi wa karatasi. Kata kwa wembe mpya, kisha paka kingo za karatasi kalamu nyeusi, maana ukingo mweupe huonekana kutoka mbali.

Rangi isiwe kali. Jua la Usukumani na vumbi la kiangazi hugeuza weusi kuwa kijivu na weupe kuwa rangi ya maziwa. Usiweke laminesheni, mng'ao wake unaharibu kila kitu.

Kazi hii ina haraka. Reli mpya ya geji sanifu (SGR) kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishana, ilianza kujengwa mwaka 2021 na inapita ukanda huohuo wa Malampaka. Vibao vya zamani havitadumu pale vilipo. Wewe msomaji mwenye picha ya familia iliyopigwa stesheni, hata kama kibao kimeonekana nusu, itoe nakala na uandike nyuma yake mwaka na mahali. Mwalimu wa historia au jiografia anayepita Malampaka achukue futikamba na daftari, aombe ruhusa ya msimamizi wa stesheni, apime kibao, herufi na nafasi zake. Vipimo hivyo vikipatikana, wanafunzi wa Simiyu wanaweza kutengeneza Malampaka yao na kuionyesha kwenye viwanja vya Nyakabindi siku ya Nane Nane.

Wiki ijayo: jengo la stesheni, na jinsi ya kupata mteremko sahihi wa paa la bati.