Maneno Marefu ya Kifaransa: Tuyakateje?

Mara nyingi tumeona mtoto akisoma Kifaransa vizuri, hata afikapo mbele ya neno refu. Hapo husimama, hutazama herufi mbili tatu za kwanza, kisha hubahatisha. Wenziwe hucheka, naye hufunga kitabu. Wala si ujinga. Neno refu ni kama mua: nani atafunaye mua mzima?

Kwanza tukate kwa kinywa. Twaa neno désobéissance, maana yake kukosa utii. Tutasema: dé-so-bé-is-san-ce. Konsonanti moja kati ya vokali mbili huenda na vokali inayofuata. Zikiwa mbili hutengana, kama hizi s mbili. Lakini bl, fl, tr na za namna hiyo, pamoja na ch na gn, haziachani: ta-ble, mon-ta-gne. Mtoto aliyezoea silabi za Kiswahili asiongeze vokali baada ya is. Na ile e ya mwisho huandikwa tu, kwa kawaida haisikiki.

Lakini kinywa na maana havikati mahali pamoja. Kwa maana, neno hilo ni dés-obéiss-ance: kukanusha, kutii, na mkia unaolifanya jina. Ile s iliyokwenda na o kinywani, kumbe ni mali ya dés. Hata kwetu, «mwana» kinywani ni mwa-na, bali kwa maana ni mu-ana. Ndiyo sababu wakiwa wengi twasema wana.

Na hapa pana hatari. Mwanafunzi amefundishwa kwamba in- hukanusha: visible, kinachoonekana, invisible, kisichoonekana. Vema. Siku moja aona pipa la petroli limeandikwa INFLAMMABLE. Akata in-, asema: «Hakiwaki.» Lo! Neno hilo laonya kwamba chawaka upesi. In- hiyo yatoka katika kitenzi cha Kilatini inflammare, kuwasha moto. Kisichowaka huitwa ininflammable: katika in hizo mbili, ya kwanza tu ndiyo ikanushayo.

Basi baada ya kukata, mtoto ajiulize: kilichobaki ni neno? Visible ni neno. Flammable si neno la kawaida la Kifaransa. Jaribio hilo halitoshi daima, kwa hiyo kamusi iwe karibu. Mzazi asiyejua Kifaransa naye aweza kusaidia: mtoto apige kofi kwa kila silabi, kisha aeleze kila kipande chasema nini. Akinyamaza, wafungue kamusi kabla ya kufungua pipa.