Keki ya simu katika joto la Kisangani: namna ya kuipamba isiyeyuke

Kijana akipata diploma ya Serikali, siku hizi si wazazi wote wanaoagiza keki ya duara. Wengine wanataka keki ya umbo la simu, yenye kioo cheusi na alama za rangi, mpaka wageni wadhani itaita. Mama anayepokea kazi hiyo anaweka mtaji wake mezani: mayai, unga, margarini na sukari. Keki ikiyeyuka mbele ya wageni, mtaji umekwenda, na jina lake limekwenda pamoja nao. Ndiyo maana tunaeleza kazi hii hatua kwa hatua, kwa ajili ya wamama na vijana wetu wanaojifunza.

Kifuniko cha keki hiyo kinaitwa fondanti. Madukani wengi huiita kwa Kifaransa pâte à sucre. Ni sukari ya unga iliyokandwa mpaka ikawa donge laini linalosukumwa kama chapati. Kwa sukari ya unga gramu 900, tunatumia jelatini kijiko 1 cha chakula iliyolowekwa katika robo kikombe cha maji baridi, kisha ikayeyushwa juu ya mvuke pamoja na glukosi nusu kikombe, gliserini kijiko 1 na mafuta magumu vijiko 2. Tunamimina ndani ya sukari, tunakanda, tunafunga kwa plastiki na kuacha donge lilale usiku mmoja.

Adui wa fondanti ni unyevu. Kisangani iko karibu sana na mstari wa ikweta, kati ya msitu na mto, na hakuna mwezi usio na mvua. Sukari huvuta maji yaliyo hewani. Fondanti inaanza kunata, inang'aa, halafu inatoa jasho. Wengi wanakimbilia friji, na hapo shida inaongezeka: keki baridi ikitolewa kwenye hewa ya joto, matone ya maji yanaikalia juu kama yanavyoikalia chupa ya maji baridi. Na umeme ukikatika, friji yenyewe inakuwa sanduku la unyevu. Keki iliyofunikwa kwa fondanti ikae ndani ya katoni safi, mahali penye kivuli na hewa inayopita.

Kwa kuwa haiingii friji, ndani yake tusiweke krimu ya maziwa wala kastadi, ambazo huharibika upesi. Chokoleti iliyoyeyushwa na margarini, au mafuta magumu yaliyopigwa na sukari, vinavumilia joto zaidi.

Sasa umbo. Oka keki nzito kidogo katika sinia la pembe nne na uiache ilale mpaka kesho yake, maana keki ya moto inabomoka. Ikate urefu mara mbili ya upana: sentimita 30 kwa 15 inatosha. Pembe zizungushe kwa kufuata mdomo wa glasi. Paka krimu nyembamba pande zote, kisha funika kwa fondanti nyeupe au ya kijivu yenye unene wa milimita 4.

Kioo cheusi kina siri yake. Ukitia rangi nyeusi nyingi katika fondanti nyeupe, inalainika na kunata. Anza na unga wa kakao mpaka donge liwe la kahawia, halafu ongeza rangi nyeusi kidogo na uliache usiku kucha. Rangi itaiva yenyewe. Sukuma kipande chembamba, kikate na ukilaze juu ya simu.

Alama ndogo za ujumbe, kamera na muziki zitengenezwe siku 2 au 3 mapema, zikauke juu ya karatasi iliyonyunyizwa maizena. Kuzibandika, brashi yenye unyevu kidogo inatosha. Maji mengi yanayeyusha sukari. Mwisho, futa kioo kwa mafuta kidogo sana ili king'ae.

Safari nayo ni sehemu ya kazi. Keki hii haipandi nyuma ya toleka, na kama sherehe iko Lubunga, lazima ivuke mto. Ibebwe bapa, imefunikwa, asubuhi kabla jua halijawa kali.

Kuna pia kazi ya mdomo. Kabla ya kupokea arbuni, mwambie mteja ukweli: keki hii inahitaji siku 3 au 4, haikai juani, na bei yake si ya keki ya kawaida, kwa sababu sukari ya unga na glukosi zinatoka mbali. Anayeomba leo kwa ajili ya kesho, mshauri achukue keki ya kawaida iliyopambwa vizuri. Kukataa kwa upole kunalinda mtaji kuliko kuahidi kwa haraka.

Simu ya kweli ina ndani yake tantali inayotokana na koltani, madini yanayochimbwa mashariki mwa nchi yetu. Lakini inaundwa mbali, nasi tunainunua kwa bei kubwa. Hii ya sukari inaundwa hapa, kwa mikono ya mama wa hapa. Ikifanywa vizuri, malipo yake yanabaki nyumbani na kulipa masomo ya watoto.