Kabla Hujabadilisha Simu, Jiulize

Sisi akina mama wa Tlawi tunajua kuhesabu. Tunajua debe la mahindi litafika siku ngapi, na maziwa ya jioni yatalipia nini. Lakini inapokuja simu mpya, hesabu zote tunazisahau. Kijana akirudi kutoka Arusha na kusema, "Mama, simu yako imepitwa na wakati," tunaona aibu kuitoa mbele za watu, ingawa inapiga na kupokea vizuri.

Ni kweli, yapo mabadiliko yasiyokwepeka. Mitambo ya analojia ya televisheni ilianza kuzimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mwaka 2013 ikafuata miji mingine, ukiwamo Arusha. Hata hivyo, televisheni ya kichogo haikuwa ya kutupwa. Ikiunganishwa na king'amuzi, iliendelea kuonyesha picha. Kilichohitajika kilikuwa kifaa kimoja tu.

Tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia. Hapo mwenye simu bandia hakuwa na la kufanya. Kwa hiyo, mama mwenzetu, kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Itatokea namba yenye tarakimu 15. Ilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Lakini mara nyingi hakuna aliyetulazimisha. Ni tangazo tu, na jicho la jirani. Muuzaji atakutajia kamera ya megapikseli 48, hata 108. Picha ya kuweka kwenye albamu, ya sentimita 10 kwa 15, inatosheka na megapikseli 2 hivi. Mara nyingi kinachoharibu picha zetu ni lenzi yenye mafuta ya jikoni, au mtoto kusimama akilipa jua mgongo. Futa lenzi kwa kitambaa laini, mgeuze mtoto mwanga umpige usoni, kisha utazame tena.

Simu ikiisha chaji upesi, huenda betri ndiyo iliyochoka. Mwone fundi kwanza. Ikijaa, futa video zisizo na maana. Picha za ubatizo na harusi zisafishwe na kuwekwa kwenye albamu, maana simu ikipotea nazo hupotea.

Tujihadhari pia na simu za mkopo. Shilingi 1,000 kwa siku inaonekana ndogo, kama bei ya mboga. Lakini kwa mwaka ni shilingi 365,000, mbali na kianzio. Uliza kwanza bei ya taslimu, uone tofauti. Uliza pia ukichelewesha malipo itakuwaje, kwani zipo simu zinazofungwa mpaka deni lilipwe.

Basi, kabla ya kununua, mume na mke wakae pamoja na kujiuliza maswali matatu. Hii ya zamani imeshindwa kazi gani? Fundi amesemaje? Na fedha hizi zilikuwa za nini: sare za shule, mbolea, au akiba ya ugonjwa?

Watoto nao wasikie mazungumzo hayo. Mtoto anayeona wazazi wakipanga matumizi hujifunza kwamba heshima ya nyumba haipimwi kwa simu iliyo mkononi. Majibu yakionyesha kwamba simu mpya inahitajika, inunuliwe kwa amani. Yasipoonyesha, ya zamani iendelee na kazi.